Njia Hii ni ya Nani?

Kutoka Migwani, huku Kitui nchini Kenya, vilima vya Mumoni viko kaskazini na vya Mutitu kusini-mashariki, na kati yavyo vilima vingine tele ambavyo mtalii hana habari navyo. Huku hakuna vibao wala mawe yaliyopakwa rangi. Mpandaji hulazimika kuuliza swali moja kila njia inapogawanyika: hii ni ya nani?

Ya mbuzi humhadaa mgeni kuliko zote. Huanza pana, imekanyagwa ikang'aa, halafu ikifika kichakani hutawanyika na kuyeyuka, kwa kuwa mbuzi hakuwa na safari, alikuwa anakula. Ya punda ina heshima zake. Punda aliyebebeshwa mitungi minne ya lita 20 ana kilo 80 za maji mgongoni, kwa hiyo njia yake huzunguka kilima taratibu, hukwepa magenge, na ina miisho miwili tu: nyumbani, au kwenye maji, yawe ya silanga, yaani bwawa, au ya kisima kilichochimbwa katika mchanga wa mto mkavu. Ukipotea, tafuta kwato zake.

Kwenda juu ni kazi ya macho yanayotazama mitini. Mzinga wa gogo ukining'inia juu ya mgunga, jua kuna mtu hupita hapo, tena gizani, maana asali hurinwa usiku. Mrinaji hajali mteremko, anajali maua. Njia yake ni nyembamba, imezibwa nusu na miiba, lakini kwa maoni yangu ndiyo tamu kuliko zote: inakudai mikono, magoti na subira.

Mmisionari Ludwig Krapf alililipia darasa hili la kusoma njia. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui kwa mwenyeji wake Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba, aliuona Mlima Kenya. Mwaka 1851 Kivoi akauawa walipokuwa safarini kuelekea mto Tana, na Krapf akabaki peke yake nyikani. Alijaza maji kwenye mfuko wa ngozi wa darubini yake na ndani ya mitutu ya bunduki, akaziba kwa nyasi, akatembea usiku kwa kujificha. Vichaka vikazing'oa nyasi, maji yakamwagika. Nchi ilikuwa ile ile aliyoipita na Kivoi. Aliyekosekana ni wa kuisoma.

Nzambani, karibu na mji wa Kitui, wameweka ngazi za chuma hadi juu ya mwamba. Sina ugomvi nazo, watoto wa shule wanafurahi, ila hapo hakuna cha kuuliza.

Mimi huchagua kupanda Desemba. Septemba kila njia iko wazi, hata ya kipumbavu. Vuli ikishanyesha, vumbi huoshwa na macho hufika mbali, lakini nyasi hufunika nyayo, na hata wenyeji husimama kwanza wakatazama kabla ya kushika upande.