"Wingu", "Uzoefu" na "Jukwaa": Uhakiki wa Istilahi za Biashara ya Programu za Kompyuta

Istilahi za kompyuta zinazotufikia siku hizi hazitoki tena kwa mafundi peke yao. Nyingi hutoka kwa wachuuzi. Fundi akikipa kifaa jina, hutaka fundi mwenzake akitambue. Mchuuzi akikipa kitu jina, hutaka mnunuzi akitamani. Mfasiri ayapokeaye majina ya aina zote mbili kwa mkono mmoja, akayatolea visawe neno kwa neno, huenda akajikuta ameifanya kazi ya mchuuzi bila ya malipo.

Makala haya yanakusudia kuchunguza baadhi ya visawe vilivyokwisha kuenea katika tafsiri, matangazo na hata nyaraka za ofisi: wingu, usajili, uzoefu, jukwaa, pamoja na jina la akili ya mashine ambalo bado halijatulia. Ili mjadala usielee hewani nimeichukua kampuni moja, Adobe ya Marekani, kwa kuwa historia yake yaonyesha vizuri jinsi majina hayo yalivyoingia, na kwa kuwa ni nadra kumpata mtumishi wa ofisi asiyewahi kufungua waraka wa PDF, ambao asili yake ni kampuni hiyo.

Adobe iliasisiwa mwaka 1982 na John Warnock na Charles Geschke, na jina lake lilitokana na kijito kilichopita nyuma ya nyumba ya Warnock huko California. Kwa miaka mingi iliuza programu zake kama duka linavyouza kamusi: mteja alilipa mara moja, akapewa programu na leseni isiyo na kikomo, basi. Photoshop ilitoka mwaka 1990, na PDF mwaka 1993. Mwaka 2012 kampuni ikaanzisha Creative Cloud, na mwezi Mei 2013 ikatangaza kwamba toleo la sita la Creative Suite ndilo la mwisho kuuzwa kwa leseni ya kudumu. Tangu hapo atakaye Photoshop mpya hulipa ada kila mwezi au kila mwaka, na akiacha kulipa hufungiwa. Leo zaidi ya sehemu tisa katika kumi za mapato ya kampuni hutokana na ada za namna hiyo.

Sambamba na hayo ilikuwa ikijenga tawi la pili, lisilojulikana sana kwa wachoraji na wapiga chapa. Mwaka 2009 iliinunua Omniture, kampuni ya kuchambua nyendo za watu waingiao katika tovuti, kwa dola za Marekani zipatazo bilioni 1.8. Mwaka 2010 ikainunua Day Software ya Uswisi, iliyotengeneza programu za kusimamia yaliyomo katika tovuti. Mwaka 2017 mkusanyo huo ukapewa jina la Experience Cloud, na mwaka uliofuata ukaongezewa Magento, kwa dola bilioni 1.68, na Marketo, kwa dola bilioni 4.75. Kazi yake kwa maneno ya kawaida ni hii: shirika kubwa hulitumia kutunga kurasa za tovuti yake, kukumbuka kila mgeni alitazama nini, na kumpelekea ujumbe unaodhaniwa kumfaa yeye.

Tuanze na wingu. Wahandisi wa simu na mitandao, katika michoro yao, walikuwa na desturi ya kuchora wingu mahali pa ile sehemu ya mtandao isiyowahusu kwa wakati ule. Ilikuwa ishara ya kwamba yaliyomo humo yapo, ila hayana haja ya kuonyeshwa. Kwa hiyo tangu asili neno hili ni la kusitiri. Huko "winguni" hakuna kilicho juu: kuna majengo, mashine, nyaya, umeme na mitambo ya kupoozea, na yote yamo katika ardhi ya nchi fulani na chini ya sheria zake. Adobe yenyewe ilitangaza mwaka 2016 kwamba huduma zake za wingu zitaitegemea Azure, ambayo ni mali ya Microsoft. Mteja wake, basi, ni mpangaji wa mpangaji.

Katika Creative Cloud jina hili lasitiri jambo jingine. Photoshop itumiwayo na mafundi haikuhamia popote. Bado husimikwa katika kompyuta ya mtumiaji na hufanya kazi humo humo. Kilichopelekwa mbali ni ufunguo. Mwezi Mei 2014 huduma ya kuingilia katika akaunti iliharibika kwa muda uliozidi siku nzima, na watu wenye kompyuta nzima na umeme wa kutosha wakaambiwa wangoje. Mwezi Oktoba 2019 kampuni iliwaarifu wateja wake wa Venezuela kwamba akaunti zao zitafungwa, kwa kutii amri ya Rais wa Marekani ya mwezi Agosti mwaka ule. Mwishoni mwa mwezi ikatangaza kuwa imepata kibali cha serikali yake na akaunti hazitafungwa. Wale walionunua diski zamani hawakuwa na la kuhofu.

Je, tulikatae neno wingu? La. Limekwisha kushika katika mazungumzo, na kulifukuza ni kazi bure. Lakini katika zabuni, mkataba au waraka wa serikali lisiachwe peke yake. Yafaa iandikwe "kompyuta za mtoa huduma", kisha itajwe nchi zilipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, zote zina masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Ofisa asomaye kwamba taarifa za wananchi "zitahifadhiwa katika wingu" hatambui kwa urahisi kwamba masharti hayo yanamgusa, maana wingu halina mpaka wala forodha.

Jina la malipo lina kasoro kubwa zaidi, nalo halijasemwa vya kutosha. Watu wengi wamechagua usajili. Kwetu usajili ni kuandikishwa: mtoto husajiliwa kizazini, mwanafunzi chuoni, gari barabarani. Aliyesajiliwa hubaki amesajiliwa. Tena usajili si malipo, hata kama una ada yake. Hali tunayoizungumza hapa ni ya mtu atumiaye kitu cha mwenzake kwa ada na kwa muda, na Kiswahili kina kitenzi chake tangu zamani: kukodi. Uzuri wa kitenzi hiki ni kwamba hutenganisha pande mbili bila ya maelezo. Mteja hukodi, kampuni hukodisha, na hakuna awezaye kudhani kuwa mali imebadili mikono. Tukisema "programu za kukodi" hata karani asiyewahi kuigusa kompyuta ataelewa kwamba bajeti ya mwaka kesho lazima iwe na fungu hilo hilo.

Mwezi Juni 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ilifungua shauri dhidi ya Adobe, ikidai kwamba katika mpango wake wa mwaka unaolipwa kwa mwezi kampuni ilificha ada itozwayo mteja akijitoa mapema, na kwamba ilifanya kujitoa kuwe kugumu. Kampuni iliyakana madai hayo. Si juu yetu kuamua nani mkweli. Ninalolitazama ni la kiistilahi. Mfasiri atakayeuita mpango huo "usajili wa kila mwezi" ameupoteza mkataba wa mwaka mzima uliomo ndani yake. "Kukodi kwa mwaka, ada kwa mwezi" ni maneno mengi kidogo, lakini hayapotezi kitu.

Sasa tufike kwa uzoefu, neno ambalo kwa maoni yangu ndilo lililoharibiwa kuliko yote. Twaona "uzoefu wa mteja", "uzoefu wa mtumiaji", "uzoefu wa kidijitali", na katika matangazo "tunakuletea uzoefu mpya". Uzoefu hutokana na kuzoea, na kuzoea hutaka muda na marudio. Tunapotangaza nafasi ya mwalimu mwenye uzoefu wa miaka mitano, hapana anayetuelewa vibaya. Sasa "uzoefu mpya" ni kitu gani? Kilicho kipya hakijazoewa, na kilichozoewa si kipya tena. Mgeni aingiaye katika tovuti kwa mara ya kwanza, akatoka baada ya dakika mbili kwa kuchoka, ana uzoefu gani? Hana hata chembe, na huyo ndiye hasa ambaye programu hizo zilitungwa kwa ajili yake.

Chanzo cha kosa ni dhahiri. Neno la Kiingereza lililomo katika jina la Experience Cloud limebeba maana mbili: ujuzi mtu alioukusanya, na mambo yanayompata mtu akiwa mahali fulani. Kiswahili hakikuzifunga maana hizo katika kitita kimoja. Ya kwanza ni uzoefu. Ya pili twaisema kwa kitenzi: yaliyomkuta, yaliyompata, aliyoyaona. Wapo waliopendekeza tajriba, neno zuri katika uhakiki wa fasihi, lakini nalo huelekea upande wa maarifa yatokanayo na kutenda. Mang'amuzi yana uzito wa kiroho na kifalsafa. Kuyapachika katika kikapu cha duka la mtandaoni ni kama kumvika mwali joho la hakimu.

Mimi napendekeza mapokezi. Tukitazama kinachofanywa na programu hizo, si kingine ila kumpokea mgeni: kumtambua ikiwa aliwahi kuja, kumwonyesha pa kukaa, kumletea akipendacho, na kumsindikiza kwa ujumbe baada ya kuondoka. "Mapokezi ya wateja mtandaoni" yaeleweka na muuza duka na mwalimu pia. Nimeambiwa kwamba mapokezi ni dawati la hospitali au hoteli. Ni kweli, wala sioni ubaya. Dawati lilipewa jina hilo kwa sababu ya kazi ifanyikayo hapo. Zaidi ya hayo, neno hili lina faida ambayo uzoefu hauna: lamdhihirisha mwenyeji. "Uzoefu wa mteja" ni kitu cha mteja, kana kwamba kimeota chenyewe moyoni mwake. Mapokezi yana mpokeaji, naye ana nia yake, na mgeni ana haki ya kuuliza nia hiyo ni ipi.

Kuhusu jukwaa sina mengi. Jukwaa la Kiswahili ni la kusimama ili uonekane, liwe la mwanasiasa au la waigizaji. Jukwaa la programu ni kitu ambacho programu nyingine hukaa juu yake, na watumiaji hawalioni. Msingi lingekuwa sahihi zaidi, ila jukwaa limeenea mno na madhara yake ni madogo. Kwa aina hii tunayoizungumza, inayokusanya nyendo za wageni, mkulima angesema dungu, lile ulinzi wa shambani ambapo mtu huketi juu akitazama kila ndege atuaye. Wachuuzi hawatalipenda.

Tumalizie na akili. Adobe iliita akili yake ya mashine Sensei mwaka 2016, neno la Kijapani lenye maana ya mwalimu, na mwaka 2023 ikatoa Firefly, yaani kimulimuli, inayochora picha kwa kufuata maelezo ya maandishi. Kwetu majina matatu yanashindana: akili bandia, akili unde na akili mnemba. La kwanza ndilo lililotangulia kuzoeleka, na ndilo ninalolipinga, kwa sababu ya bidhaa za aina ya Firefly hasa. Bandia ya mtoto haina dhara, lakini noti bandia na cheti bandia ni makosa ya jinai. Picha iliyotengenezwa na mashine kwa uwazi, ikatangazwa hivyo, si picha ya kughushi. Na picha ya kughushi yaweza kutengenezwa kwa mkasi na gundi. Magazeti na mahakama zitahitaji kuzitenganisha. Ikiwa mashine yenyewe ni akili bandia, picha zake zote zitaitwa picha bandia, na tutakuwa tumehukumu kabla ya kusikiliza. Unde hutoka katika kuunda, na hutupatia "picha unde" bila ya kumtia mtu hatiani. Mnemba limeshika nguvu katika hotuba na nyaraka za Tanzania. Msomaji wa kawaida haoni mzizi wake, lakini angalau halina mzigo wa jinai. Kama halina budi kuchaguliwa, na lichaguliwe, mradi bandia liachwe kwa waghushi.

Limebaki moja ambalo haliwezi kungoja. Mwezi Machi 2025 Adobe, kama kampuni nyingine za aina yake, ilitangaza programu zinazojiendea zenyewe kwa kiasi fulani: huagizwa jambo, zikalipangia hatua na kulitenda. Tafsiri zimeanza kuziita wakala. Neno hili tayari ni la mtu wa kibandani atoaye na kupokea fedha za simu, na la taasisi kama Wakala wa Barabara. Kisheria wakala humfunga aliyemtuma kwa ahadi anazotoa. Je, mashine ikimwahidi mteja punguzo la bei, imemfunga mwenye duka? Istilahi isitangulie kulijibu swali hilo. Kwa muda napendekeza kitendaji, katika ngeli ya vitu, kwa mfano wa kivinjari na kikokotoo. Wasomaji walio katika mabenki na kampuni za simu, ambako wakala wa mtu na huyu wa mashine watakutana mapema zaidi, watuandikie jinsi wanavyosikia neno hilo likitumika madirishani mwao.