Kozi ya Urubani Mtandaoni: Anza na Somo la Dira

Ukitaka kujua kozi ya nadharia ya urubani inayouzwa mtandaoni ina thamani gani, usiipime kwa somo la kwanza. Somo la kwanza kila mtu hulipamba: ndege inapaa machweo, muziki unapanda, mwalimu anatabasamu. Nenda moja kwa moja hadi somo la dira. Ni somo kavu, halina picha za kuvutia, na mtengenezaji mvivu hulimaliza harakaharaka. Uvivu wake utauona hapo kabla hujalipa hata shilingi.

Kozi nyingi kati ya hizi zimetungwa kwa ajili ya mtihani wa Marekani, nyingine kwa ule wa Uingereza na Ulaya. Mwanafunzi wa Nairobi au Dar es Salaam ana sababu nzuri za kuzinunua. Anasoma usiku akitoka kazini, anarudia somo mpaka limwingie, na fizikia ya ndege ni ileile kila mahali. Ila kuna mambo ambayo fizikia hiyohiyo inayageuza kulingana na mahali ulipo, na hapo ndipo mwalimu anayeelewa anapojitenga na mwalimu aliyekariri.

Kozi ya Marekani itakuambia hivi: ukikata kona kuelekea kaskazini, nyoosha ndege kabla dira haijafika kaskazini, ukielekea kusini, subiri ipitilize kidogo. Juu ya Kansas ni kweli. Juu ya Athi River ni kinyume kabisa. Sumaku ya dunia haiivuti dira kwa mlalo tu, huivuta pia kuelekea chini, na kadiri unavyokaribia ncha ya sumaku ndivyo mwinamo unavyozidi. Ili dira ikae sawa, kitovu cha uzito wake huwekwa pembeni kidogo ya egemeo, na uzito huo ndio unaoyumba ndege inapokata kona au kuongeza mwendo. Ukivuka ikweta ya sumaku kwenda kusini, mwinamo unageuka, na makosa ya dira yanageuka nao. Ikweta hiyo inapita Ethiopia. Kwa hiyo Kenya nzima, hata Lodwar iliyo kaskazini mwa ikweta ya kawaida, iko upande wa kusini wa sumaku.

Sasa mtazame mwalimu. Aliye dhaifu anakupa herufi nne za kukariri na kusonga mbele. Wa wastani anakumbuka kutaja kwamba kanuni hiyo ni ya nusu ya kaskazini ya dunia. Mwalimu wa kweli anachora dira, anaonyesha egemeo lilipo na uzito ulipo, kisha anaikatisha ndege kona na kukuacha uone kwa macho yako uzito unaenda wapi. Ukishauona mchoro huo, huhitaji herufi zozote. Unaweza kujipatia jibu mwenyewe ukiwa Kisumu, Mtwara au Oslo.

Baada ya dira, fungua somo la jinsi bawa linavyoinua ndege. Hapa kuna uongo mmoja mkongwe ambao bado unauzwa: kwamba hewa inayopita juu ya bawa ina safari ndefu zaidi, kwa hiyo lazima ikimbie ili ikutane na wenzake wa chini kwenye ukingo wa nyuma kwa wakati mmoja. Hakuna kinachoilazimisha kukutana nao. Kwa kweli hewa ya juu hufika mapema zaidi. NASA ina maelezo ya wazi, yaliyoandikwa kwa ajili ya wanafunzi, yanayolikanusha dai hili, na ndege za maonyesho zenye bawa la umbo moja juu na chini hupaa vizuri tu, hata zikiwa zimepinduliwa. Kozi inayofundisha uongo huo ifunge. Kosa haliishii hapo. Mwanafunzi asiyejua kwamba bawa huinua kwa kuigeuza hewa na kuisukuma chini hataelewa stoli, yaani bawa kupoteza nguvu ya kuinua. Atadhani stoli ni ugonjwa wa mwendo mdogo, ilhali ni suala la pembe ambayo bawa linakutana na hewa, na pembe hiyo inaweza kuvukwa kwa mwendo wowote.

Kipimo cha tatu kiko kwenye uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Chukua mchana wa Februari, nyuzi 27 za Selsiasi, shinikizo la kawaida la hektopaskali 1013. Kwa kimo hicho joto la kawaida ni nyuzi 4. Umezidi kwa nyuzi 23, na kila nyuzi moja unaihesabia takriban futi 120. Jibu linakaribia futi 8,300. Hicho ndicho kimo ambacho ndege yako itajihisi iko ingali imekanyaga lami: injini inavuta hewa nyepesi, propela inashika hewa nyepesi, bawa nalo vilevile, na njia ya kurukia haijaongezeka hata mita moja. Kozi nzuri haikuachii jibu peke yake. Inakupeleka kwenye majedwali ya kitabu cha ndege ukatafute umbali wa kuruka, kisha inakueleza kwa nini kwenye uwanja wa juu namna hii rubani wa ndege ndogo hupunguza mafuta kwenye mchanganyiko kabla ya kuruka, badala ya kusubiri mpaka awe angani. Kozi iliyotungwa na watu wa pwani tambarare mara nyingi hulipitia jambo hili kwa sentensi moja.

Halafu kuna benki za maswali, na matangazo yanayojivunia idadi ya waliofaulu. Zipime kwa tahadhari. Mtihani wa leseni ya rubani binafsi wa Marekani una maswali 60 na alama ya kufaulu ni asilimia 70. Maana yake unaweza kukosa maswali 18 na bado ukafaulu, hata kama umekosa karibu maswali yote ya hali ya hewa. Ulaya wanagawa masomo tisa, na kila somo linadai asilimia 75 yake peke yake. Naupenda zaidi mpango huo. Kwenye benki ya maswali nenda kasome maelezo ya majibu yasiyo sahihi. Swali la stoli katika kona ambayo ndege imeinamia upande kwa nyuzi 60 bila kupoteza kimo, kwa mfano: mzigo juu ya bawa unakuwa maradufu, na mwendo wa stoli unazidishwa kwa kipeuo cha pili cha mbili, kwa hiyo maili 50 za baharini kwa saa zinakuwa kama 71. Anayejibu 100 amefanya kosa lenye mantiki, kwamba mzigo ukiwa maradufu na mwendo uwe maradufu. Kozi inayomwambia kosa lake liko wapi ni ya kulipiwa. Inayomwandikia tu kwamba jibu ni B, hapana.

Kwa habari yenyewe usilipe. Mamlaka ya Marekani, FAA, inatoa bure kitabu chake kikuu cha nadharia, Pilot's Handbook of Aeronautical Knowledge. Pesa yako inanunua ufundishaji.

Sheria za anga usizisome kwenye kozi ya kigeni. Zisome kwenye kanuni za KCAA au TCAA, mamlaka za usafiri wa anga za Kenya na Tanzania, na uulize huko kabla ya kulipa kama saa za mtandaoni zitahesabiwa. Vipimo navyo angalia: Marekani hupanga altimita kwa inchi za zebaki na kupima uwezo wa kuona kwa maili, wakati ripoti ya hali ya hewa ya Wilson itakuja na hektopaskali na mita.

Mwisho, mwandikie mwalimu swali moja kabla ya kununua. Mwulize: nikiwa Nairobi, ndege ikielekea mashariki na nikiongeza mwendo, dira itaonyesha nini kwa muda mfupi? Jibu sahihi ni kwamba itaonyesha kama ndege inageukia kusini. Akikujibu kwamba hana hakika, kisha siku ya pili akarudi na mchoro, nunua.