Mpemba na swali lililojitosheleza

Mwaka 1969 jarida la Physics Education la Uingereza lilichapa makala ambayo kichwa chake kilikuwa neno moja na alama ya kuuliza: Cool? Waandishi walikuwa wawili: Erasto Mpemba, wakati huo mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi, na Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia chuo kikuu, Dar es Salaam. Dai lenyewe linajulikana: maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya maji ya baridi. Mimi huirudia makala hii kwa ajili ya mpangilio wake.

Tasnifu zetu nyingi huanza na umuhimu wa maji kwa binadamu. Mpemba anaanza jikoni. Ni mwaka 1963, yuko kidato cha tatu katika shule ya Magamba, na wanafunzi wanagombea nafasi ya kugandishia aiskrimu kwenye friji. Kawaida yao ni kuchemsha maziwa, kutia sukari, kisha kuyaacha yapoe. Mwenzake, akihofia kukosa trei, anayatia mabichi. Mpemba naye anayaingiza yakiwa moto, liwalo na liwe. Baada ya saa moja na nusu, ya Mpemba yameganda. Ya mwenzake bado ni ujiuji. Hadi hapo hajaeleza sababu yoyote. Ametuonyesha tu alichokiona.

Kisha linakuja swali alilomuuliza Osborne alipotembelea shule ya Mkwawa, Iringa, ambako Mpemba alikuwa amehamia. Tuseme una vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji ya ujazo sawa, kimoja nyuzi 35 za sentigredi na kingine 100, ukaviweka kwenye friji; kile cha 100 kinatangulia kuganda. Kwa nini? Hebu litazame vizuri. Chombo ni kile kile, ujazo ni ule ule, kinachotofautiana ni joto la kuanzia peke yake. Anayetaka kulijaribu hahitaji maelezo mengine. Kijana wa sekondari aliandika sehemu ya mbinu ndani ya sentensi ya swali, bila kujua kwamba sehemu hiyo ina jina.

Osborne anapopokea kalamu, mtindo unabadilika: bika za sentimita za ujazo 100, kila moja na maji 70, zimewekwa juu ya bamba la povu gumu ili joto lisipotelee chini. Ninachokipenda zaidi ni jinsi anavyopangua maelezo rahisi, moja baada ya jingine. Je, ni hewa iliyoyeyuka majini? Maji yote yalikuwa yamechemshwa karibuni. Ni mvuke uliopotea? Ulikuwa kidogo mno kueleza tofauti ile. Alipofunika uso wa maji kwa utando wa mafuta, kuganda kulichelewa kwa saa kadhaa. Basi joto jingi linapotelea juu. Hapo ndipo anapokisia, na msomaji anaona wazi kwamba sasa anakisia.

Kasoro ipo. Mpemba anazungumzia aiskrimu iliyokwisha kuganda. Osborne anapima muda wa maji kuanza kuganda. Neno moja, maana mbili, ndani ya makala moja. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden wakaja na kipimo cha tatu, muda wa maji kufikia nyuzi sifuri, wakasema hawakuona ushahidi wa maana wa jambo hilo. Wakaongeza kwamba kusogeza kipimajoto juu au chini kwa sentimita moja hivi kunaweza kukuzalishia matokeo unayoyatafuta. Ubishi huo uliwezekana kwa kuwa Osborne alikuwa ameandika alichokipima.

Kuna kisa ambacho mhariri wa leo angekikata kwa kalamu nyekundu. Osborne alipomwagiza fundi wa maabara ajaribu jambo hili, fundi alirudi kusema kwamba kweli maji ya moto yametangulia, ila asiwe na shaka, ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi. Wakarudia. Mpemba akawa ndiye mkweli.