"Karibu" ya Lionel Loueke: kukaribisha si sawa na kuwa karibu



Kuko neno moja watu wanalisemaka juu ya gita ya kamba za nailoni: ni ya kubembeleza. Eti ni nzuri kwa mtu anayejifunza, kwa kwaya, ao kwa oteli pale watu wanakula na wanataka kitu kidogo cha kulia nyuma ya sahani. Lakini jazi ya kweli, wanasema, inaomba gita ya umeme, ampli kubwa na mediatori mkononi. Mimi nakataa hilo neno. Ushahidi wangu ni albamu moja ambayo jina lake kila mmoja wetu analijua tangu utoto: Karibu, ya Lionel Loueke, iliyotoka mwaka 2008 kwa kampuni ya Blue Note. Si albamu mpya. Lakini ukiisikiliza vizuri, inajibu lile neno, na tena inaonyesha wapi lile neno liko na ukweli kidogo.

Loueke ni mwana wa Benin, alizaliwa 1973. Alianza na ngoma. Gita ilikuja nyuma, akiwa na miaka 17. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba kwao kamba za gita zilikuwa ngumu kupata, na zikikatika aliweka waya za freni za kinga. Kiisha safari ikaanza: Abidjan 1990, Paris 1994, Boston 1999 kwa chuo cha Berklee, na mwishoni Los Angeles, kwa Thelonious Monk Institute, ambako Herbie Hancock, Wayne Shorter na Terence Blanchard walikuwa kati ya wale waliomsikiliza na kumchagua. Ninataja njia hii ju ya sababu moja tu. Huyu si mtu aliyekamata nailoni juu hakuwa na kingine. Alipita kwa mediatori, alisoma jazi na sheria zake zote, halafu akachagua kuitupa ile mediatori na kubaki na vidole.

Kwa nini mtu afanye vile? Tuangalie kazi yenyewe. Mediatori ni ncha moja. Inagonga kamba moja, kiisha ingine. Hata ikipita haraka namna gani juu ya kamba sita, zinafuatana kama watu kwenye mlango mwembamba. Vidole ni ncha nne. Gumba linashika besi, vile vitatu vingine vinakamata kamba za juu, na vyote vinne vinaweza kusema kwa wakati moja, sawa mkono juu ya piano. Tena gumba linaweza kuendelea na njia yake wakati vidole vinanyamaza, vinachelewa, ao vinabishana nalo.

Nailoni nayo iko na tabia yake. Zamani gita ya klasiki ilitumia kamba za utumbo wa mnyama. Kamba za nailoni zilianza kuuzwa baada ya Vita vya Pili vya dunia, Albert Augustine akizitengeneza kule New York na Andrés Segovia akimtia moyo. Hazivutwi kwa nguvu kama zile za chuma. Zinatikisika kwa upana, njo maana shingo ya ile gita ni pana na kila kidole kinapata nafasi ya kuingia. Sauti inazaliwa nono, na inakufa haraka. Hapo njo kuko shida yake yote, na hapo njo kuko uzuri wake wote. Mtu wa gita ya umeme anaweza kushika noti moja ikalia mpaka achoke. Mtu wa nailoni hawezi. Lazima ajue mbele: hii noti ikikufa, nani atabeba mzigo?

Sisi tuliosoma agronomie tunaelewa mambo hayo kwa shamba la mahindi na maharagi. Mahindi yanasimama, maharagi yanapanda juu yake na yanafunika udongo. Si mazao mawili yaliyotupwa pamoja. Moja linaishi juu ya lingine. Gita ya vidole ikipigwa vizuri ni shamba la namna ile. Ikipigwa vibaya ni magugu.

Basi lile neno la "kubembeleza" lilitoka wapi? Kwa mawazo yangu, sehemu kubwa ilitoka kwa namna jazi ilivyoipokea nailoni. Charlie Byrd, Mmarekani, alisoma kwa Segovia huko Siena, Italia, mwaka 1954. Mwaka 1961 serikali ya Marekani ilimtuma kupiga muziki Amerika ya Kusini, akarudi na bossa nova kichwani. Tarehe 13 Februari 1962, katika jumba la kanisa moja la Washington, alirekodi albamu Jazz Samba pamoja na Stan Getz wa saksofoni. Albamu ilipanda mpaka namba 1 kwa orodha ya Billboard mwaka 1963. Lakini Grammy ya wimbo "Desafinado" ilienda kwa Getz. Mtu wa gita alileta mbegu, mtu wa saksofoni alivuna. Sisemi Getz alipiga vibaya. Alipiga vizuri sana. Nasema masikio ya watu yalizoea kitu kimoja: saksofoni inasema, nailoni inapepea nyuma. Na kitu kikikaa nyuma miaka mingi, watu wanadhani kilizaliwa kwa kukaa nyuma.

Sasa turudi kwa Loueke. Yeye si mtu wa Kiswahili. Alichukua neno "karibu" kwa maana ya kupokea wageni. Lakini siye tunajua neno lile liko na maana mbili. Ya kwanza: ingia, nyumba ni yako. Ya pili: si mbali. Mtu anaweza kukukaribisha kwa mlango na akabaki mbali na wewe siku yote. Mimi nimeipima albamu kwa maana zote mbili, na ninaona haifaulu kwa kipimo kimoja.

Kwa maana ya kuwa karibu, inafaulu kabisa pale wako watatu peke: Loueke, Massimo Biolcati kwa besi, Ferenc Nemeth kwa ngoma. Wimbo wa kwanza, ule wenye jina la albamu, unaonyesha kila kitu. Mdomo unatembea pamoja na vidole, noti kwa noti, mpaka unajiuliza ni nini kinatoka wapi. Wengine wanaona ile sauti ni mapambo ya Kiafrika yaliyowekwa kwa kuuza. Hapana. Rudi kwa ile shida ya nailoni: noti inakufa haraka. Sauti ya mdomo njo inayoishika isianguke. Kama gumba na vidole vitatu ni ncha nne, mdomo wa Loueke ni ncha ya tano. Na zile ngurumo na milio ya ulimi anayofanya ni mtoto wa ngoma anayerudi nyumbani: alianza na ngoma, na ngoma haikumwacha.

"Skylark" ni mtihani mgumu zaidi. Ni wimbo wa Hoagy Carmichael wa 1941, umepigwa na watu wengi mpaka umechoka. Mtu wa nailoni akiugusa, hatari ni ileile ya oteli: utamu juu ya utamu. Loueke anaepuka kwa kutoa, si kwa kuongeza. Anaacha nafasi. Noti ya wimbo inafika, kiisha chini yake kunaingia akordi ambayo hukuitegemea, kavu kidogo, sawa mtu aliyeanza kukusifu halafu akasema kitu cha kweli. Na Nemeth anapiga ngoma kama mtu anayejua mtoto analala chumba cha pili. Hapa nailoni haibembelezi mtu. Inakuomba usogee. Sauti kubwa inakukuta pale uko. Sauti ndogo wewe njo unaenda kuitafuta, na ukifika, unasikiliza kwa nguvu yako yote. Hiyo njo maana ya pili ya karibu.

Kwa maana ya kukaribisha wageni, hapo niko na mashaka. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu umpe jembe. Wageni wa Loueke ni wakubwa: Herbie Hancock kwa piano na Wayne Shorter kwa saksofoni, walewale waliomchagua kwa shule. Je, walipewa jembe, ao walipewa shamba?

Kwa "Seven Teens", Hancock alipokea jembe. Jina ni mchezo wa hesabu: wimbo unatembea kwa mapigo 17, na mapigo 17 si kitu cha kucheza nacho. Kila mtu anatafuta mguu wake, mgeni sawa na mwenye nyumba, na piano inafanya kazi ya kuchimba pamoja na gita. Sawa. Lakini kwa "Light Dark", wageni wote wawili wakiwa ndani, mambo yanageuka. Piano na gita wanakaa kwa sehemu moja ya sauti, na piano ni kubwa, noti zake zinalia zaidi. Gita ya nailoni ikibanwa vile, inabaki rangi tu, sawa chumvi kwa sombe: unajua iko, lakini huioni. Muziki ni wa juu sana, sikatai. Lakini si muziki wa gita tena.

"Naima" iko katikati. John Coltrane alipoirekodi mwaka 1959, wimbo ulikaa juu ya besi ya Paul Chambers iliyoshikilia noti moja karibu bila kusonga, na Coltrane mwenyewe hakupiga solo. Alisema wimbo tu, akaacha. Ni wimbo uliotengenezwa kwa gumba la mpiga gita: chini kitu kimoja kinabaki, juu kila kitu kinageuka. Loueke aliona hiyo, na pale anapoishika, unaelewa kwa nini aliuchagua. Kiisha saksofoni ya Shorter inaingia, nzuri, yenye hekima, na sikio letu lililozoea tangu Jazz Samba linaikimbilia lenyewe. Nailoni inarudi nyuma. Si kosa la Shorter. Ni desturi ya masikio, na albamu haikuishinda pale.

Kwa hiyo wale wanaosema nailoni haina nguvu wako na ukweli wa upande moja: ukiiweka kati ya vyombo vikubwa, itashindwa. Lakini hiyo si hukumu juu ya nailoni. Ni hukumu juu ya mpangaji. Hakuna mtu anayelaumu mbegu ya maharagi juu aliipanda chini ya mti wa mwembe. Na Loueke alionekana kuelewa. Mwaka 2020 alitoa HH, albamu yenye nyimbo za Hancock, "Watermelon Man", "Rockit" na zingine, lakini safari hii bila Hancock mwenyewe, bila besi, bila ngoma: yeye peke na gita na sauti yake. Mgeni alibaki kwa njia ya nyimbo zake, na mwenye nyumba akapata shamba lake lote.

Kwa nini mambo haya yatuguse siye hapa? Juu ile akili ya gumba na vidole si ya mbali na sisi. Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, 1930, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 pale Jadotville, Likasi ya leo, akipiga "Masanga" kwa gumba na kidole cha shahada tu. Kamba zake zilikuwa za chuma, na muziki wake haukuwa jazi, tusichanganye. Lakini kazi ilikuwa ileile: mtu moja, gita moja, sauti mbili tatu zinazojibizana bila kukanyagana. Wasomi wa muziki wa ng'ambo waliandika kurasa nyingi kuchambua vidole vyake. Na hapa kwetu, kijana akipiga namna ile leo, anaambiwa anapiga mambo ya wazee, atafute ampli. Tumekubali kupima gita kwa ukubwa wa sauti yake. Tukiendelea vile, hatutapoteza nyimbo tu, ziko kwa rekodi. Tutapoteza sikio la kuzielewa, na siku moja mtoto wa Likasi atahitaji mtu wa Boston amweleze gumba la Mwenda lilikuwa linafanya nini.

Albamu hii inaweza kutusaidia kulirudisha lile sikio. Usiiweke kwa haut-parleur ya barabarani. Hapo utaona ni kweli inabembeleza, juu utasikia nusu tu. Weka ekutere. Mara ya kwanza fuata gumba peke yake, wacha vingine vyote. Mara ya pili fuata vidole. Mara ya tatu sikiliza namna vinavyongojana. Kiisha tafuta "Masanga" ufanye vile vile. Ukimaliza hizo safari, hutauliza tena kama nailoni iko na nguvu. Utajua kwamba kukaribisha watu wakubwa nyumbani ni heshima, lakini kukaa karibu na mtu mpaka usikie pumzi yake ni kazi ngumu zaidi, na njo ile Loueke anaifanya vizuri kuliko wengi.