Kinjeketile na Uzito wa Kukataa

Katika tamthilia ya *Kinjeketile* (1969), Ebrahim Hussein anamfikisha mhusika wake mbele ya uamuzi ambao historia haikumpa Kinjikitile Ngwale. Ngwale alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905, Vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Mhusika wa Hussein yu hai baada ya watu kuangamia kwa risasi, naye anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uwongo. Anakataa. Ni rahisi kukuona kukataa huko kuwa ushujaa mtupu: akikiri, adui atawafunza watoto kwamba kupigania haki kulikuwa kosa. Hoja hiyo ina nguvu, lakini haitoshi. Asiyekana anawaacha wanaopigana kwingineko wakiendelea kuyategemea maji ambayo yeye mwenyewe ameyashuku. Vita halisi viliendelea hadi 1907, na njaa ikaua watu wengi mno. Kwa maoni yetu, Kinjeketile anaiokoa maana ya vita kwa gharama ya wapiganaji. Hussein hamhukumu wala hamtakasi. Kwa hiyo mhakiki anayemwita shujaa hana budi kuitaja gharama hiyo pia.