Upara chini ya helmeti: kwa nini kikofia chembamba humshinda mzula

Mwenye upara anayekwenda kuteleza kwenye theluji kwa mara ya kwanza hutafuta mzula mnene kuliko yote dukani, anauvaa, kisha anaisukumia helmeti juu yake kwa nguvu. Kufika saa sita mchana kichwa kimelowa, masikio yanauma kwa kubanwa, miwani imeingia ukungu, na ule utosi alioukusudia kuulinda ndio unaosumbuka kuliko kiungo kingine chochote. Aliyekaa naye kwenye lifti, mwenye upara vilevile, amevaa kikofia cha sufu kisichozidi milimita moja, na hana neno. Tofauti yao haitokani na ugumu wa mtu. Inaweza kupigiwa hesabu, na ndiyo kazi ya uchambuzi huu.

Tuchukue mfano wa Lake Louise, kituo cha kuteleza kilicho katika Hifadhi ya Taifa ya Banff, jimbo la Alberta nchini Kanada. Wakazi wa Calgary, wakiwemo wenzetu waliohamia huko kutoka Afrika Mashariki, wanaweza kufika kwa gari na kurudi siku hiyohiyo. Chini, kituo kiko mita 1,646 juu ya usawa wa bahari; juu, mteremko huanzia mita 2,637. Kwa kanuni ya kawaida joto hupungua nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo kileleni pangekuwa na baridi zaidi kwa nyuzi 6 hivi. Lakini bonde la mto Bow lina tabia yake: zipo siku za majira ya baridi ambapo hewa nzito huteremka na kutuama bondeni, chini pakawa na baridi kuliko juu. Mtelezaji huzipitia hali hizo mbili mara nyingi kwa siku, na kofia yake ni ileile.

Upepo nao ni wa kujitakia. Katika asubuhi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, jambo la kawaida huko mwezi Januari, upepo wa kilomita 40 kwa saa huifanya ngozi iliyo wazi ihisi nyuzi 27 chini ya sifuri, kwa kipimo kinachotumika Kanada na Marekani tangu 2001. Mtelezaji wa kiwango cha kati huifikia kasi hiyo bila shida, hata kama hakuna jani linalotikisika.

Upara umeondoa nini

Imekuwa ikisemwa miaka mingi kwamba karibu nusu ya joto la mwili hupotelea kichwani. Mwaka 2008 madaktari Rachel Vreeman na Aaron Carroll waliichambua imani hiyo katika jarida la BMJ la Uingereza na kuonyesha kwamba haina msingi: kichwa ni takriban asilimia 7 hadi 10 tu ya ngozi yote ya mwili, na hakina muujiza wa kupoteza joto kuliko sehemu nyingine iliyoachwa wazi. Hata hivyo kuna ukweli unaomhusu mtelezaji moja kwa moja. Mwaka 1957 watafiti Froese na Burton, waliopima joto linalotoka kichwani, walikuta kwamba katika nyuzi 4 chini ya sifuri kichwa kilicho wazi cha mtu aliyetulia kinaweza kupoteza joto linalofikia nusu ya lile ambalo mwili wake unazalisha. Sababu ni mishipa ya damu. Baridi ikizidi, mishipa ya vidole hujibana ili damu yenye joto ibaki ndani ya mwili. Ile ya ngozi ya kichwa haijibani kiasi hicho. Mwili wote ukiwa umefunikwa vizuri, kichwa ndicho kinachobaki kuuvujisha.

Nywele hufanya kazi mbili hapo. Hushika tabaka la hewa tulivu juu ya ngozi, na huipokea sehemu ya jasho ili lisibaki limegandamana na ngozi. Mwenye upara amepoteza vyote viwili. Watu wengi huikumbuka ile kazi ya kwanza peke yake, wakanunua unene. Hasara kubwa iko kwenye ile ya pili.

Helmeti inazuia kiasi gani

Ganda la nje la helmeti ni plastiki ngumu, ya ABS au polikaboneti. Chini yake kuna povu jeupe la polistireni, lilelile linalozungushiwa televisheni mpya ndani ya katoni. Povu hilo limewekwa ili lipondeke wakati wa ajali na kulipunguzia fuvu pigo, lakini pia ni kizuia joto hodari. Ndani kabisa kuna bitana ya kitambaa na sifongo, na pembeni vifuniko vya masikio.

Tupige hesabu. Chukua povu la unene wa milimita 20, ambalo hupitisha joto kwa kiwango cha wati 0.035 kwa mita kwa kila nyuzi moja. Eneo la kichwa lililofunikwa tulikadirie kuwa mita ya mraba 0.1. Ngozi iwe na nyuzi 33, na nje nyuzi 15 chini ya sifuri; tofauti ni nyuzi 48. Joto litakalopenya kwenye povu ni wati 8.4. Mwili wa mtu mzima aliyekaa tu huzalisha wati 100 hivi, kwa hiyo helmeti yenyewe, ingekuwa haina tundu hata moja, ingeruhusu chini ya sehemu moja ya kumi ya joto hilo kupita.

Sasa weka ndani kikofia cha sufu cha milimita 1. Wati 8.4 zinashuka kuwa takriban 8. Weka mzula wa milimita 5, uliokaza helmeti mpaka paji la uso likapata alama: zinashuka kuwa 7 hivi. Unene wote huo umeokoa wati moja na nusu. Anayeongeza mzula juu ya povu anaongeza tofali kwenye ukuta ambao tayari ni mnene, na mlango ameuacha wazi.

Joto linatokea wapi

Milango iko miwili: hewa na jasho.

Hewa huingia kupitia matundu yaliyowekwa juu ya helmeti kwa makusudi, kupitia pengo kati ya helmeti na miwani, na kupitia kisogoni pale ambapo kikaza hakikushika vizuri. Kwa mwenye nywele, mifereji iliyo kati ya vipande vya bitana hujazwa na nywele zenyewe. Kwa mwenye upara mifereji hiyo ni mitupu, na upepo unagusa ngozi. Helmeti zenye mfumo wa MIPS kutoka Uswidi huongeza jambo jingine: ndani yake kuna tabaka jembamba la plastiki linaloiwezesha helmeti kuzunguka kidogo juu ya kichwa wakati wa pigo la mshazari. Ni kinga nzuri, lakini mahali bitana ilipoachia nafasi, kichwa kisicho na nywele hukutana na plastiki ya baridi.

Jasho ndilo mwizi mkubwa zaidi. Gramu moja ya jasho ikigeuka mvuke huchukua karibu jouli 2,400 za joto. Tuseme mtelezaji amefika chini akiwa na gramu 10 za jasho kichwani, yaani kama vijiko viwili vya chai, kisha akakaa dakika 10 kwenye lifti ya viti. Likikauka lote, limemnyang'anya wati 40 kwa muda wote huo, karibu mara tano ya zile zinazopenya kwenye povu. Likikauka nusu tu, ni wati 20. Juu ya hayo, maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa tulivu, kwa hiyo mzula uliolowa umeshaupoteza ule unene uliolipiwa.

Hapa ndipo mwendo wa mchezo wenyewe unapoamua mambo. Wakati wa kushuka miguu inafanya kazi, mwili unazalisha joto mara kadhaa kuliko kawaida, na kichwa kinatoka jasho. Dakika chache baadaye mtu yuleyule ameketi kwenye kiti kinachoning'inia hewani, hana la kufanya, na upepo unampiga. Baridi inayomuuma kwenye lifti aliitengeneza mwenyewe alipokuwa akishuka, na mzula mnene ndio uliomsaidia kuitengeneza.

Kikofia kinavyofanya kazi

Kikofia chembamba basi hakivaliwi kwa ajili ya unene. Kinajaza mifereji ya bitana, kinakata upepo usifike kwenye ngozi, na kinalipokea jasho. Kwa kazi hii ya mwisho sufu ya merino haina mpinzani wa karibu. Nyuzi zake hupokea mvuke wa maji unaokaribia theluthi ya uzito wake kabla hujahisi umajimaji, na hutoa joto kidogo zinapoupokea. Kikofia cha gramu 30 kinaweza kuhifadhi gramu 9 au 10, ambazo ni sawa na jasho la mfano wetu. Poliesta haifiki asilimia moja. Yenyewe hulisambaza jasho juu ya nyuzi na kukauka haraka. Mtu anayetoka jasho jingi mno anaweza kuipenda. Pamba, iwe ya fulana au ya barakashia, hunyonya sana, hukauka polepole na hubaki imeganda kwenye ngozi. Iache nyumbani.

Kitambaa cha gramu 150 kwa mita ya mraba kinatosha. Angalia mishono: iwe bapa, na usiwepo mkutano wa mishono utosini, kwa sababu kichwa kisicho na nywele hukihisi kila kifundo kinachogandamizwa na helmeti. Pindo la mbele liishie juu ya miwani. Sponji ya miwani ikikalia kitambaa, pengo linafunguka, na hewa yenye unyevu kutoka kichwani inaingia kutia ukungu kwenye kioo. Pembeni kikofia kifunike angalau nusu ya juu ya masikio.

Usalama haujadiliwi

Helmeti za mchezo huu hupimwa kwa viwango kama EN 1077 cha Ulaya na ASTM F2040 cha Marekani. EN 1077 ina madaraja mawili: A, ambayo hufunika eneo kubwa zaidi la kichwa, na B, ambayo huacha eneo zaidi na aghalabu hufunika masikio kwa pedi laini. Lakini hakuna alama ya kiwango itakayomsaidia mtu ambaye helmeti yake imeelea juu ya mzula, au ambayo imepwaya kwa sababu aliinunua akiwa na mzula na leo hakuuvaa. Pima mzunguko wa kichwa juu kidogo ya nyusi, ukiwa umevaa kikofia utakachokitumia. Funga mkanda wa kidevu, tikisa kichwa: ngozi ya paji la uso inapaswa kusogea pamoja na helmeti. Usizibe matundu kwa gundi au utepe wenye gundi, kwani baadhi ya kemikali hudhoofisha ganda. Matundu yenye kitelezeshi cha kufunga na kufungua yanastahili bei yake kwa mwenye upara kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Baridi ikizidi

Katika nyuzi 20 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi huhisi nyuzi 33 chini ya sifuri, na iliyo wazi inaweza kuungua kwa baridi ndani ya dakika 10 hadi 30. Siku hiyo kikofia kiondoke, nafasi yake ichukuliwe na balaklava ya sufu nyembamba inayofika shingoni. Usivae vyote viwili pamoja. Ukifunika pua, pumzi itafute njia ya chini, la sivyo miwani itaziba.

Silaha inayosahaulika ni kofia ya jaketi. Jaketi nyingi za kuteleza zina kofia pana inayopita juu ya helmeti. Ukiivuta unapokaa kwenye lifti, inaziba matundu yote kwa nje na kuongeza tabaka la hewa tulivu, na jinsi helmeti inavyokaa kichwani haibadiliki. Ukifika juu, ishushe, fungua matundu kabla jasho halijaanza, kisha uondoke.

Weka kikofia cha pili mfukoni na ubadilishe wakati wa chakula cha mchana. Jioni toa bitana ikauke kwenye hewa ya chumba, mbali na hita, maana joto kali huliharibu povu.

Hukumu yetu ni hii: mwenye upara anayenunua unene amenunua jasho. Kama fedha zako zinatosha kitu kimoja tu msimu huu, uache mzula dukani na ununue vikofia viwili vyembamba vya merino.