Nyumba Bora na Ghala la Mkulima

Tunapoisifu nyumba kuwa ni bora, mara nyingi twatazama bati, saruji na madirisha. Ni nadra kuuliza nafaka italala wapi. Kosa hili si dogo.

Tazama tembe la Wagogo wa Dodoma, nchi ya mvua haba. Paa lake ni bapa, la miti iliyofunikwa udongo. Juu yake huanikwa mtama na uwele baada ya mavuno. Ndani husimama vilindo vya nafaka, chini ya paa lile lile wanamolala watu na linamofuka jiko. Mjenzi wa tembe aliifikiria njaa tangu alipokata mti wa kwanza. (Moshi huo uliwaumiza akina mama macho na mapafu, na hilo tusilifiche.)

Vijiji vilipoanzishwa miaka ya 1970, nyumba zilipangwa kwa mistari kando ya barabara, nyingi zikiwa mbali na mashamba. Hadi leo ramani nyingi zina sebule na vyumba vya kulala tu. Gunia la mahindi huishia chini ya kitanda, juu ya sakafu yenye unyevu. Na juu ya bati lenye mteremko haianikwi nafaka.

Hatusemi turudi kwenye tembe. Dumuzi, mdudu aliyeenea kutoka Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, alidhihirisha kwamba moshi pekee hautoshi: wakulima walishauriwa kupukuchua mahindi na kuyatia dawa. Lakini hata mahindi yaliyotiwa dawa yahitaji chumba chao wenyewe, kikavu, kilichoinuliwa juu ya ardhi, kisichoingilika na panya. Mchoraji wa ramani na akianze hicho, kabla ya sebule.